Hakuna kaya Uganda iliyo nje ya uchumi wa fedha

Tarakimu tatu zimekuwa zikirudiwa katika hotuba za serikali ya Uganda kama ushahidi wa safari iliyofanikiwa: 68, 39 na 33. Hizo ni asilimia za kaya zinazosemekana kuishi katika uchumi wa kujikimu, yaani kaya zinazolima ili zile, nje ya uchumi wa fedha. Zamani si nyingi zilikuwa 68 katika kila 100. Rais Museveni alipozindua Mpango wa Maendeleo wa Parishi (parishi hapa ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) wilayani Kibuku, Februari 2022, zilitajwa kuwa 39. Sasa tunaambiwa ni 33, na Mpango wa Nne wa Maendeleo ya Taifa, ulioanza Julai 2025 ukiwa na lengo la kukuza uchumi mara kumi hadi dola bilioni 500 ifikapo 2040, unatarajia kaya hizo nazo ziingie. Wanaoshangilia wanasema wananchi wameamka. Wanaobeza wanasema tarakimu zimepikwa na fedha zimegawiwa kwa ajili ya kura. Mimi naona pande hizi mbili zinabishania jibu la swali lililoulizwa vibaya tangu mwanzo. Hakuna kaya Uganda iliyo nje ya uchumi wa fedha. Zote zimo, nazo zimekuwamo kwa zaidi ya miaka 100. Kinachozitofautisha ni masharti ya kuwamo kwake: zinauza kwa bei gani, zinalipwa ujira gani, zinakopa kwa riba gani, na mvua ikikosekana hasara inamwangukia nani.

Mpango wenyewe, ambao kila mtu anauita PDM kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, Parish Development Model, unajulikana vya kutosha. Kila parishi, na ziko zaidi ya 10,500, hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, jambo linalofanya jumla ipite trilioni 1. Fedha hupitia SACCO ya parishi, yaani chama cha akiba na mikopo, kaya hukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na marejesho huanza baada ya muda wa kusubiri. Kati ya nguzo zake saba imo moja ya kubadili fikra za watu, na hiyo ndiyo inayonisumbua, kwa sababu imebeba nadharia nzima bila kuitaja. Rais mwenyewe ameieleza mara nyingi kwa maneno mepesi, kwamba shida ya watu wetu ni kufanya kazi kwa ajili ya tumbo tu. Ukikubali kauli hiyo, umekubali pia kwamba kuna nchi mbili ndani ya Uganda, moja ya watu wanaopiga hesabu na nyingine ya watu wanaokula walicholima wakalala, na kwamba kazi ya maendeleo ni kuwavusha hawa wa pili hadi ng'ambo.

Wazo hili lina ukoo wake. Mwaka 1954 Arthur Lewis, mwanauchumi mzaliwa wa Saint Lucia ambaye mwaka 1979 alikuja kupewa Tuzo ya Nobel, aligawa uchumi wa nchi maskini katika sekta mbili: ya kibepari, inayoajiri kwa mshahara na kuwekeza faida yake tena, na ya kujikimu, yenye watu wengi kuliko kazi iliyopo. Maendeleo kwake yalikuwa sekta ya kwanza kuendelea kuvuta watu kutoka ya pili mpaka watu wa ziada waishe. Miaka sita baadaye Walt Rostow, mwanauchumi wa Marekani, aliyapanga mataifa yote katika ngazi moja yenye hatua tano, ya chini kabisa ikiwa ni ile ya jamii ya jadi. Nyuma yao, tangu 1904 na 1905, alikuwapo Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, akiuliza kwa nini watu wa imani fulani walifanya kazi kupita mahitaji yao. Viongozi wetu hawamtaji yeyote kati ya hawa, lakini mchanganyiko wa mawazo yao ndio tunaousikia katika mikutano ya hadhara: sekta mbili za Lewis, ngazi ya Rostow, na juu yake fikra za Weber zikiwa ndizo zinazomkwamisha mkulima asipande ngazi.

Historia ya hapa kwetu inakataa kuingia katika mchoro huo. Watu wa Buganda na Busoga wanaziita fedha ensimbi, na simbi ni kauri, zile zilizopita mikononi mwa watu kama fedha kabla ya rupia kufika. Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na tangu siku hiyo mwenye nyumba alilazimika kutafuta kitu cha kuuza, na asipokuwa nacho auze nguvu zake. Mbegu za pamba ziligawiwa mwaka 1903, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza pamba ilikuwa imekwisha kuwa zao kuu la biashara, ikilimwa na wakulima wadogo katika mashamba yao wenyewe. Katika Buganda kulikuwa na kasanvu, kazi ya lazima kwa ujira mdogo, iliyofutwa mwaka 1922. Miaka michache baadaye, mwaka 1925, idara ya kilimo iliacha kuhimiza pamba katika wilaya za pembezoni, kwa sababu wilaya hizo zilitakiwa zitoe vibarua. Watu wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, walikuwa tayari kulima zao la biashara. Walicheleweshwa makusudi ili wanaume wao waendelee kushuka kusini kufanya kazi katika mashamba ya wengine, yakiwamo ya miwa. Tunachokiita leo uchumi wa kujikimu wa kaskazini si mabaki ya zamani yaliyosahauliwa na historia. Sehemu yake kubwa ilitengenezwa, na waliotengeneza walikuwa na sababu ya kufanya hivyo.

Mwenye kumsoma Lewis hadi mwisho atakuta kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo. Aliandika wazi kwamba mabepari wana maslahi katika kuuacha uchumi wa kujikimu ubaki duni, kwa kuwa kipato cha mkulima ndicho kinachoweka kima cha ujira, na kwamba dola za kikoloni katika Afrika ziliufukarisha uchumi huo kwa kunyang'anya ardhi, kwa kulazimisha kazi na kwa kutoza kodi. Mwaka 1970 Giovanni Arrighi, mwanazuoni wa Italia, alionyesha kwa mfano wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, namna wakulima waliokuwa wakiuza mazao yao vizuri walivyogeuzwa hatua kwa hatua kuwa wale watu wa ziada wa kwenye nadharia. Nayasema haya kwa sababu Lewis ametumiwa vibaya na wafuasi wake wengi, na heshima yake inastahili kurejeshwa.

Nishuke sasa kutoka kwenye nadharia hadi kwenye daftari moja. Shangazi yangu anaishi Luuka, wilaya ya Busoga, mashariki mwa nchi, ana ekari mbili na robo, analima mahindi, mihogo na maharage, na karani yeyote wa sensa akimuuliza anategemea nini atamjibu kwamba anategemea jembe lake, kisha ataandikwa kuwa mtu wa kujikimu. Lakini ana daftari la mistari la mwanafunzi, na amelichora safu kwa rula ya mjukuu wake. Mwezi wa Julai wa mwaka juzi zilitoka shilingi 77,000: chumvi na sabuni 7,000, kinu cha kusaga 6,000, uji wa shule wa wajukuu wawili 30,000, dawa za malaria 18,000, bodaboda ya kwenda kituo cha afya na kurudi 8,000, akiba ya kikundi cha akina mama 8,000. Zikaingia 78,000: siku sita za kupalilia miwa ya jirani kwa 5,000 kila siku, kilo 40 za mahindi kwa 700 kila kilo, na 20,000 alizotumiwa kwa simu na kijana wake aliyeko Jinja, ambazo alipokwenda kuzitoa zilikatwa ada ya wakala na kodi ya serikali ya nusu asilimia. Ukifunua kurasa hadi Mei iliyofuata, utamkuta shangazi ananunua mahindi kwa shilingi 1,500 kilo. Mwanamke huyu anayesemwa kuwa analima kwa ajili ya tumbo aliuza chakula cha tumbo lake Julai kwa sababu uji wa shule haungoji, akaja kukinunua tena kwa bei zaidi ya maradufu. Yumo ndani ya soko, tena anaingia kila mara kwa mlango wa hasara.

Lugha zetu zenyewe zinashuhudia. Kwenye Luganda na Lusoga kuna neno okupakasa, kaskazini watu husema leja leja, na Kiswahili kina kibarua, ile barua ndogo iliyothibitisha kwamba mtu amemaliza kazi ya siku na anastahili malipo yake. Maneno hayo yote yanahusu kuuza nguvu kwa siku moja moja, na wanaoyatumia zaidi vijijini ni hao hao wanaohesabiwa kuwa nje ya fedha.

Kosa hili lina mizizi pia katika namna kazi inavyopimwa. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, uliofanyika Geneva, ulitenganisha kazi na ajira. Anayezalisha kwa matumizi ya kaya yake anafanya kazi, ila hana ajira, kwa sababu ajira ni kazi ya malipo au ya faida. Tofauti hiyo ilikuwa na nia njema, na kwa kiasi fulani ilisaidia kazi za wanawake zionekane. Hata hivyo inapoingia katika siasa zetu hugeuka. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akalima mpaka saa tano, akachota maji, akapika, akarudi shambani jioni, anatangazwa kuwa hana ajira, na kutoka hapo ni hatua moja tu kumtangaza kuwa hafanyi kazi. Aidha, kaya ikilazimishwa kuchagua tegemeo moja kuu, vibarua, fedha za kutumiwa na magunia mawili ya mahindi yaliyouzwa vyote hufunikwa na neno kujikimu.

Wanaoamini kwamba mkulima yuko nje ya soko wana hoja nzito ambayo haifai kupuuzwa. Goran Hyden, mwanazuoni wa siasa kutoka Sweden, akiandika mwaka 1980 kuhusu Tanzania, alidai kwamba mkulima wa Afrika Mashariki hajawahi kutekwa na tabaka lolote wala na dola, kwa sababu ana ardhi yake na ana udugu wa kumbeba, kwa hiyo anaweza kujitoa sokoni wakati wowote apendao. Uganda ya miaka ya 1970 inaonekana kumpa haki. Kabla ya Idi Amin kuchukua madaraka tulikuwa tunazalisha zaidi ya marobota 400,000 ya pamba kwa msimu, na ilipofika 1980 hayakufika hata 50,000. Wakulima waling'oa pamba wakapanda mihogo. Je, huko si kujitoa? Nakubali kwamba ardhi na udugu huipa kaya uwezo wa kusema hapana, na uwezo huo ni mali ambayo mfanyakazi asiye na shamba hana. Ila tazama kile walichofanya wakulima wale wale na kahawa. Bei ya dunia ilipopanda mwaka 1976 na 1977, kahawa yetu ilibebwa usiku kuvuka mpaka wa mashariki hadi soko la Chepkube, upande wa Kenya. Zama hizo zimebaki na jina la Kiswahili, magendo, na magendo si kujikimu hata kidogo. Watu waliikimbia bodi ya serikali iliyowalipa kwa kuchelewa na kwa shilingi isiyonunua kitu, wakaenda moja kwa moja kwenye fedha yenye thamani. Hyden aliona mtu akitoka katika soko la dola, akadhani ametoka katika soko lote.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya fikra, na inasikitisha kwamba ndiyo inayopewa nafasi kubwa. Asili yake ni mfano wa Weber wa mvunaji wa nafaka aliyekuwa akikata vipimo viwili na nusu kwa siku kwa marki 1 kila kimoja. Alipoongezewa ujira hadi marki 1 na robo, hakukata zaidi, alikata vipimo viwili tu, akapata marki zake mbili na nusu kama jana, akaenda zake. Waajiri wa kikoloni katika Afrika Mashariki waliipenda sana hoja ya namna hii, kwa kuwa iliwapa sababu ya kulipa kidogo: Mwafrika, walisema, ana shabaha ya fedha fulani tu, ukimwongezea ataondoka mapema. Walter Elkan, mtafiti aliyewafuatilia wafanyakazi wa Kampala na Jinja, alionyesha katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1960 kwamba mambo hayakuwa hivyo. Mwanamume aliyefanya kazi kiwandani miaka michache kisha akarudi kwao alikuwa amepiga hesabu kamili. Mshahara wa mjini haukutosha kulisha familia, shamba nyumbani lilitoa chakula na kulinda haki ya ardhi, na mke alilisimamia. Vitu viwili pamoja vilizidi kimoja. Asingekuwa na busara kama angeuacha mmoja wa miguu miwili aliyosimamia.

Nimekulia Walukuba, mtaa uliojengwa Jinja kwa ajili ya wafanyakazi wakati bwawa la Owen Falls na viwanda vilipokuwa vikianza, na huko Kiswahili kilifika kwa njia ya mshahara: Mualuri, Mlugbara, Msamia na Mluo walikutana kwenye zamu moja, wakahitaji lugha moja. Katika nyumba zile za chumba na sebule sikumbuki mzee aliyekosa shamba kwao, wala sikumbuki aliyekosa kujua, hadi senti, shamba lile lilimwokoa kiasi gani viwanda vilipofungwa.

Nadharia ya fikra haielezi mambo mawili tunayoyaona leo kwa macho. Kwanza ni kahawa. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 mauzo yake ya nje yalipita dola bilioni 2, kwa kiasi kikubwa kwa sababu bei ya dunia ilipanda kuliko ilivyowahi kuwa, na walioifaidi ni wakulima wadogo wale wale waliokuwa wakihubiriwa waache uvivu. Walipolipwa vizuri walipalilia, walipanda miche mipya, na walilala mashambani kulinda kahawa isiibwe. Pili ni Saudi Arabia. Vijana wa vijijini huuza kipande cha ardhi au ng'ombe wa familia ili wamlipe wakala, waende wakafanye kazi za nyumbani na za ulinzi katika nchi ambayo hawajui lugha yake. Mtu anayefanya hivyo hana haja ya semina ya kumfundisha kuthamini fedha.

Kuhusu wakosoaji wanaosema PDM ni takrima ya kisiasa tu, nitasema kwa kifupi. Takrima haina riba, haina marejesho, wala haimwachii mpokeaji hasara. Mkopo wa milioni 1 una vyote vitatu. Nguruwe akifa kwa homa, deni linabaki. Parishi nzima ikinunua vifaranga mwezi mmoja, kuku wote hufika sokoni mwezi mmoja na bei huanguka, deni likiwa pale pale. Serikali imemhamishia mkulima hatari ambazo kampuni yenye mtaji mkubwa huzikatia bima kwanza, kisha ikaita uhamisho huo kuamsha fikra. Lawama ya kweli ni hiyo, na inapotea kila tunapokazania habari za kura.

Turudi kwa Lewis, safari hii kwa uaminifu. Katika nadharia yake kinachowavuta watu ni ajira upande wa pili, na mtaji hujengwa huko. PDM inafanya kinyume: inapeleka mtaji kidogo kidogo kwenye sekta iliyosongamana, kisha inatumaini kila kaya itageuka kuwa biashara. Baadhi zitageuka, na nitazifurahia kwa dhati. Lakini nchi haihami kutoka jembe hadi kiwanda kwa kugawa milioni moja moja wakati bei ya kazi yenyewe imeachwa bila mwenyewe. Kima cha chini cha mshahara kisheria Uganda bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, na Rais hakuutia saini. Serikali inayosikitika kwamba wananchi hawaingii katika uchumi wa fedha imeacha kima hicho, kisichofikia hata ujira wa siku mbili wa kupalilia miwa Luuka, kibaki kwenye vitabu vya sheria kwa miaka zaidi ya 40. Wanaopinga kima kipya wanasema kitafukuza wawekezaji, na hoja hiyo ina uzito kwa viwanda vidogo vinavyoanza. Inaweza kujibiwa kwa kupanga viwango kwa sekta na kwa mikoa. Kutokuwa na kiwango chochote chenye maana ni jambo jingine kabisa, na athari yake haiishii kiwandani, kwa kuwa ujira wa kibarua wa kijijini hujipima kwa ule wa mjini.

Ikiwa tatizo ni masharti, basi PDM nayo inaweza kupimwa na kurekebishwa kwa masharti, bila kungoja mpango mpya. Mfumo wa taarifa wa parishi unaandika nani amekopa, kiasi gani na kwa mradi gani. Uongezewe mambo matatu: mkopaji aliuza lini, aliuza kwa bei gani, na alifanya vibarua siku ngapi katika mwezi huo. Kaya ambayo mwaka huu imeuza Januari badala ya Julai, au imepunguza siku za kupalilia shamba la mwenzake, imesogea, hata kama karani ataendelea kuiandika kuwa ya kujikimu. Ghala la parishi lenye stakabadhi inayokubalika kwa mkopo lingeisaidia kaya hiyo kuliko semina kumi za fikra. Tarehe za marejesho nazo zinahitaji kuangaliwa haraka, kwa sababu waliokopa mapema tayari wanadaiwa. SACCO ya Luuka ikitaka fedha zake Julai, mahindi yatauzwa Julai, shilingi 700 kilo, na deni litaonekana limelipwa vizuri kwenye vitabu. Mwezi wa Mei aliyelilipa atakuwa kwenye foleni ya duka akiyanunua.